Jumamosi Saa Kumi na Mbili Jioni

Jumatatu, 5 Agosti

Kerttu wa ghorofa ya tatu amehama! Kaenda Oulu kwa bintiye, na zamu yake ya sauna, lile bafu la mvuke la jengo zima, imebaki wazi. Jumamosi, saa kumi na mbili jioni! Hiyo si zamu, ni kiti cha enzi. Mimi na Raija wangu tumepangiwa Jumanne saa tisa mchana, wakati mawe ya jiko bado yanajiuliza kama yapate moto au la. Unakaa uchi unatetemeka, kuku aliyenyeshewa ana nafuu.

Nikashuka mbio kwa Hilkka, mwenyekiti wa jengo letu. Nani kishafika? Aulis Ryhänen wa ghorofa ya pili! Kasimama na kofia mkononi, mpole kama kawaida yake, anaitaka zamu hiyo hiyo. Hilkka hapendi ugomvi. Kasema tukamalizane Ijumaa kwenye uwanja wa kutupa visahani vya plastiki vikapuni, huko nyuma ya jengo. Vikapu tisa vya chuma, mwenye mitupo michache achukue Jumamosi. Uwanja ni wa bure, wa watu wote, kwa hiyo hakuna wa kulalamika.

Tatizo: Aulis hunishinda kila mara. Si yeye, ni kile kisahani chake cha rangi ya chungwa. Kinanyooka hewani mpaka kwenye minyororo ya kikapu, chwaa! Bila hicho Aulis si kitu. Raija kasema kinachotupa ni mkono. Raija hajui mambo ya vifaa.

Jumanne, 6 Agosti

Ushindi! Tulikwenda mazoezini na Aulis, kirafiki kabisa. Kwenye kikapu cha sita akainama kufunga kamba za kiatu. Kisahani kikaingia kwenye koti langu, kutoka kwenye koti kikaingia bwawani. Chubwi! Nikamsaidia kukitafuta vichakani kwa moyo wote, mpaka machozi yakanilenga. Nimecheza ngoma jikoni hadi wa chini wakagonga dari.

Jioni. Laana! Kumbe kuna bwana mmoja wa mjini hujitosa bwawani na miwani ya kuogelea, kwa raha zake tu, anaopoa visahani vilivyozama. Nyuma ya kile cha Aulis pana jina na namba ya simu, kama wafanyavyo wote hapa. Kapiga simu. Aulis kamwokea maandazi ya iliki. Mimi kaniletea mawili, eti kwa kuwa nilimsikitikia.

Jumatano, 7 Agosti

Aulis huacha mfuko wake wa visahani koridoni chini, karibu na baiskeli. Hafungi, hafichi. Mtu wa namna hiyo anajitakia. Kabla ya chai nilikuwa ng'ambo ya barabara, ndani kabisa msituni, nakizika kisahani chini ya mzizi wa msonobari. Mbu wamenila mpaka masikio. Sijali! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mchana akaja mama mmoja na baiskeli, ndoo imejaa beri, vitunda vya msituni. Alikuwa akichuma pale pale. Pale pale! Finland yote hii ni msitu, na yeye beri zake zinaota juu ya kaburi langu! Kamletea Aulis kisahani, na beri juu yake. Aulis kaoka pai, katugawia nusu. Ni tamu sana. Nimeila kwa uchungu.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo nimetumia akili. Kisahani chini ya kiti cha nyuma, basi la Kajaani. Nikalipungia mkono likiondoka.

Saa tisa. Dereva kakirudisha! Kasimamisha basi mlangoni kwetu, injini inanguruma, abiria wametulia kimya, hakuna hata mmoja aliyenuna. Raija aliuona uso wangu dirishani, akaelewa yote. "Veijo, mume wangu," akaniambia, "nchi hii hata dhambi ukiitupa utarudishiwa. Kaa utulie, kajifunze kutupa."

Lakini maneno yake yamenifumbua macho! Kinarudi kwa sababu ya jina. Basi dawa ni kubadilisha jina! Nimechukua dawa yake ya kufutia rangi ya kucha, nikamfuta Ryhänen, nikaandika Karppanen Veijo na namba yangu, nikakirudisha kwenye mfuko wa Aulis. Kesho asubuhi nakipoteza, mtu mwema anakiokota, kinarudi kwangu. Kihalali! Sijawahi kujipenda kama leo.

Ijumaa, 9 Agosti

Aulis kadamka alfajiri, kaenda mazoezini na mfuko wote. Sikupata hata upenyo.

Tulianza jioni. Majirani wako kwenye roshani zao na vikombe vya kahawa, Hilkka ndiye mwamuzi. Hadi kikapu cha nane nilikuwa nyuma kwa mtupo mmoja tu. Moyo unanidunda! Kikapu cha tisa kiko nyuma ya kilima, hakionekani unapotupia. Hilkka akatangulia kusimama huko. Aulis akatupa. Nikatupa mimi. Changu kikagonga mti, kikazama kwenye upupu.

Tukatega masikio. Mara yowe la Hilkka: "Kimeingia! Kwa mtupo mmoja! Karppanen!"

Nikadhani nimekufa nimeamkia peponi. Tukakimbia. Hilkka kainua kile cha rangi ya chungwa, anasoma jina langu kwa sauti. Aulis akakichukua, akakigeuza. Kisha akasema mtupo ni wake, lakini bila shaka dereva alimletea cha mwingine, maana vinafanana. Akaniomba radhi. Mimi! Akasema mtu anayetupa kisahani cha mwenzake bila ruhusa hastahili kuhesabiwa, Jumamosi ni ya Veijo. Hilkka akajaribu kubisha, Aulis akakataa katakata. Akanipa mkono.

Niliona aibu, naandika wazi. Nilitaka kusema kweli. Nikasema, "Asante, jirani."

Jumamosi, 10 Agosti

Raija kagoma. Kasema Jumamosi ya wizi haogi. Nikamweleze Aulis, la sivyo nikae humo peke yangu mpaka niive.

Nikaenda. Nikamwaga yote: bwawa, mzizi, basi, dawa ya kucha. Aulis alifikiri kwanza. Halafu akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kasema alikuwa akishangaa kwa nini wiki hii amepata marafiki wengi. Kisha kasema zamu aichukue yeye, ila tuoge wote kila Jumamosi, wanaume kwanza, Raija baadaye. Benchi ni refu.

Jamani, lile joto! Mawe yanalia, mvuke unakukumbatia, soseji zinanukia juu ya mawe. Nilikaribia kulia kwa furaha. Aulis ni ndugu yangu sasa, sina neno baya juu yake.

Ila kakaa kona ya juu, karibu na ndoo. Kona bora kuliko zote! Na yeye ndiye anayemwagia mawe maji, tena kwa ubahili.

Nimewaza. Nina nusu kopo la rangi ya roshani. Jumamosi ijayo nitatangulia, nipake ile kona, nibandike tangazo: RANGI MBICHI. Aulis hutii kila tangazo, atahamia upande wa pili. Rangi yenyewe itakauka upesi, si kuna joto? Nami nitajikalia pale pale, bila taulo, kama mfalme.