Smuthi kwa Watu Wanane

Jumatatu, 4 Machi

Nimesema uongo. Tena kwa binti yangu mwenyewe, tena kwenye simu, kabla hata ya kifungua kinywa.

Aliniuliza kama nakula vizuri. Nikamwambia nakunywa smuthi ninayosaga kila asubuhi kwa ile blenda aliyoninunulia. Hiyo ni kweli. Akauliza nakunywa na nani. Hapo ulimi ukateleza. Nikasema nimeanzisha klabu ya afya hapa jengoni, wanachama wanane, tunakutana sebuleni kwangu. Akarudia, wanane. Kisha akasema vizuri sana, Jumapili atakuja kuwaona, na ana jambo la kuniuliza ambalo si la simu.

Wanachama nilionao: mimi.

Niandike ukweli hapa, maana daftari halina mdomo. Tangu mama yake afariki, miaka mitatu sasa, natamani aniambie, baba, njoo ukae na sisi. Lakini mtu haombi jambo kama hilo. Ukiomba unakuwa mzigo. Nimepiga hesabu na jibu langu ni hili: watu humtaka mtu anayetakiwa na wengine. Akinikuta nina afya tele na watu wamenizunguka, atanitaka na yeye. Nina siku sita.

Kifungua kinywa: ndizi moja, spinachi gramu sitini, mtindi. Mapishi yote ya kijitabu cha blenda ni ya watu wawili. Nimekunywa glasi zote mbili.

Jumanne, 5 Machi

Nimebandika tangazo ngazini. Klabu ya Afya, ghorofa ya tatu, leo saa kumi na moja jioni, karibuni wote. Nikaeleza na faida za mbegu za chia: nyuzinyuzi kwa ajili ya tumbo, protini, mafuta yanayoupendeza moyo. Karatasi tatu. Nilikuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini na moja, kuandika kwa ufupi sijui.

Nikaandaa glasi nane. Chia gramu kumi na mbili kila glasi, hakuna iliyozidi wala kupungua. Viti ninavyo vinne, nikaongeza ndoo mbili zilizopinduliwa na sanduku la vifaa. Mimi ningesimama.

Hakuja mtu. Saa kumi na mbili nikasikia nyayo ngazini. Nikainuka, nikanyoosha shati. Zikapita moja kwa moja kwa jirani wa mlango wa pili, yule mstaafu wa posta. Kila jioni mlango wake uko wazi na watu wamejaa mle ndani wanakunywa chai. Niliwahesabu kupitia ukutani kwa vicheko vyao. Watano, labda sita. Chai na sukari tupu! Hakuna nyuzinyuzi hata moja mle.

Chia zikavimba. Ilipofika saa moja kijiko kilikuwa kinasimama chenyewe ndani ya glasi. Sikutaka zipotee bure. Nimekunywa tatu.

Jumatano, 6 Machi

Nyuzinyuzi zinafanya kazi kama kijitabu kinavyosema. Sikuweza kwenda mbali na msala mpaka saa sita mchana.

Baada ya hapo nikakata kauli kuwafuata watu waliko. Mlinzi wa getini alikubali mara moja, akauliza kama kuna mkate wa kushushia. Nikamwandika. Fundi cherehani wa chumba cha chini, mama mmoja mwenye macho makali kuliko sindano zake, akataka kujua kinywaji chenyewe kinatibu nini. Nikamweleza kwamba hakitibu, kinajenga. Kwamba spinachi ina madini ya chuma, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi ukikamulia ndimu, kwa sababu ya vitamini C. Kwamba parachichi nalo... Alinikatiza kwenye parachichi. Akasema naongea kama mtu anayemsomea mashtaka. Hata hivyo akakubali, shingo upande, akaahidi kuja na shoga yake anayeuza maua.

Wanachama watatu kwa siku moja! Nilipanda ngazi bila kushika ukuta.

Zamani nilikuwa nikiingia dukani na kisanduku changu cha mawe ya mizani, wote wananyamaza. Muuzaji kimya, wateja kimya, hata redio inapunguzwa. Nilidhani ni heshima. Leo fundi na mlinzi wamecheka nikiwa nimesimama palepale kati yao, na sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Wamekuja! Asubuhi, wote watatu.

Nilichagua bitiruti kwa ajili ya rangi yake, na tangawizi kidogo ya kuamsha ulimi. Muuza maua akasema ni rangi nzuri kuliko waridi zake. Nikawaeleza kwamba bitiruti huisaidia damu kutembea vizuri mwilini, ndiyo maana wanariadha huipenda. Mlinzi akasikia habari ya wanariadha, akanywa glasi mbili na nusu.

Walikaa dakika kumi na nne. Niliangalia saa. Fundi alikaa kwenye kiti cha marehemu mke wangu, nami sikusema kitu. Ilikuwa vizuri kukiona kimekaliwa.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa.

Mlinzi hakuwepo getini. Nimesikia habari yote kwa fundi, akiwa amesimama mlangoni kwangu na mikono kiunoni. Mlinzi aliamka, akaenda msalani, akatazama, akaona nyekundu. Akajua amekwisha. Akampigia kaka yake simu kumuaga, akamrithisha baiskeli, ndipo akakimbilia zahanati. Muuguzi alimuuliza jana alikunywa nini. Alipojibiwa, alicheka mpaka akatafuta kiti. Bitiruti hiyo, akamwambia. Baadhi ya watu huwatokea hivyo, wala haina madhara.

Ukurasa wa tisa wa kijitabu unalisema jambo hilo waziwazi. Mimi niliishia wa nane, kwenye faida.

Kaka mtu amekataa kurudisha baiskeli.

Fundi akasema yeye na shoga yake wamejitoa. Jioni nilimsalimia mlinzi, akageuka akawa anasoma kibao cha geti, ambacho kimeandikwa Geti. Wanachama nilionao: mimi. Nimekaa jikoni muda mrefu bila kuwasha kitu. Nina upweke. Basi, nimeshaandika, nisirudie tena.

Jumamosi, 9 Machi

Maji yamenifika shingoni. Nimepiga moyo konde nikaenda kugonga kwa mstaafu wa posta. Hapakuwa na cha kugonga, mlango ulikuwa wazi kama kawaida. Walikuwemo wote: mwenyewe, kinyozi, mwenye duka la vioo, fundi, muuza maua, hata mlinzi na kikombe chake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea yote. Nikasema tu kwamba binti yangu anakuja kesho, na nilimdanganya kuwa nina watu.

Nilitegemea wacheke. Hakucheka mtu. Mstaafu akasema, jirani, si ungesema tu. Wakakubaliana palepale: watakuja, watakaa, watashika glasi. Ili watimie wanane, mstaafu atamleta dada yake na shemeji yake. Mlinzi akaweka sharti kwamba yeye atashika tu, hatakunywa. Wenzake wakaliunga mkono sharti hilo haraka mno, ikanichoma kidogo.

Kisha mstaafu akanivutia kiti. Akasema chai iko tayari, nikae. Kiti chenyewe nakijua. Kila nikipita nakiona kiko kitupu, karibu na dirisha. Nikamwambia nina spinachi ya kuchambua. Halafu anatia vijiko vitatu vya sukari, nimemwona kwa macho yangu. Sikukaa.

Jumapili, 10 Machi

Ushindi!

Wamefika wote wanane, wamechana nywele, wamevaa vizuri. Nikagawa kinywaji changu bora: spinachi, parachichi, ndimu na unga wa mlonge kijiko kimoja kwa kila glasi. Binti yangu alipoingia alisimama kwanza mlangoni. Nilimwona akihesabu vichwa.

Kinyozi akamwambia kwamba tangu ajiunge na klabu, mkono wake hautetemeki tena. Mwenye duka la vioo akasema macho yake yamerudi utotoni. Walitia chumvi, lakini sikuwazuia. Fundi akamweleza habari ya madini ya chuma na ndimu, neno kwa neno, kumbe siku ile alikuwa anasikiliza. Mwisho mstaafu wa posta akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba wangenikosa wangesikia pengo. Hilo sikumwomba aliseme.

Aliyekunywa ni binti yangu peke yake. Alimaliza glasi yote, akapangusa mdomo kwa nyuma ya mkono kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Nikamsindikiza mpaka ngazini, nikamuuliza jambo lake. Kumbe tangu aingie alikuwa ameshika ufunguo mkononi. Akasema alikuja kuniomba nikahamie kwao. Wamenipakia chumba rangi, wajukuu wameshaondoa vitu vyao, kitanda kimewekwa upande wa jua la asubuhi kwa sababu anajua naamka mapema. Alikuwa na wasiwasi kwamba niko peke yangu. Lakini kwa aliyoyaona leo, atakuwa na choyo akiniondoa kwa watu wangu. Sasa atalala usingizi.

Hapo nilipaswa kusema neno moja. Koo langu lilikuwa nalo. Lakini kichwa kilikuwa kimevimba kwa maneno ya mstaafu. Nikasema ni kweli, wananitegemea sana.

Akanikumbatia kwa nguvu. Akautia ufunguo kwenye mkoba, akashuka. Nilisikiliza viatu vyake mpaka ghorofa ya chini.

Niliporudi, sebule ilikuwa tupu. Glasi nane mezani, zimejaa pomoni, zimepangwa mstari. Mstaafu akachungulia mlangoni, akasema wenzako wameshakaa kwenye chai, njoo. Nikamjibu naosha vyombo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefanya ukaguzi wa wiki nzima kwa utulivu.

Alinitaka kabla hajawaona watu, akaacha kunitaka alipowaona. Jambo hilo halikubaliani na hesabu yangu, kwa hiyo nimeliweka pembeni. Katika kazi ya mizani ukipata kipimo kimoja cha ajabu, unapima upya. Lililo wazi ni kwamba alinikumbatia kwa nguvu kuliko mwaka jana. Mpango ni mzuri. Kipimo ndicho kilikuwa kidogo.

Alipiga simu asubuhi kuulizia klabu. Nikamwambia tumefika kumi na sita.

Akarudia, kumi na sita, vilevile kama Jumatatu iliyopita. Akasema hongera, baba. Akasema basi kile chumba wataweka meza ya kupigia pasi, kisikae bure. Atakuja tena mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi! Siku ishirini. Atawakuta kumi na sita, wote wananywa, nami nimeongezeka kilo mbili. Mtu mwenye afya ya namna hiyo, nani atakataa kukaa naye?

Ukutani wanacheka tena, watu sita kwa hesabu yangu. Nimefunga mlango nisikie vizuri ninavyohesabu vijiko. Chia nimeshaloweka, za watu kumi na sita.