Mmiliki wa Jina la Apolot

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtu wa sheria. Semina ya wafanyabiashara, Tororo, ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, kalamu ya bure. Mwalimu ni wakili, Bi Shallon, binti mwenye miwani mikubwa na sauti ya kuamuru. Ametufundisha alama ya biashara. Jina la bidhaa, amesema, ni mali kama shamba, na anayewahi kulisajili anajiweka pazuri mbele ya sheria. Wenzangu waliandika. Mimi nilisisimka mpaka magotini.

Maana jina tunalo! Soko zima la Busia, upande wetu wa Uganda, linaijua odi ya Apolot. Karanga na simsim, zimekaangwa, zimesagwa kwa jiwe, laini, hazina mchanga. Apolot ni mke wangu. Yeye anakaanga, anasaga na kujaza makopo. Mimi ni mkurugenzi: nasimama kibandani nasalimia watu. Jirani yangu Mukhwana naye anauza odi, kibanda cha pili, na odi yake ina mchanga. Siku zote nimemshuku kwamba ipo asubuhi ataamka na kuandika Apolot kwenye makopo yake.

Wakili alipofika sehemu aliyoiita mipaka ya haki hii, niliona wapishi wanafunua masufuria. Kuku! Nikatoka kimyakimya, nikawa wa kwanza kwenye foleni. Yaliyosemwa baada ya hapo sikuyasikia. Si neno. Mtu mwerevu akipewa nusu, nusu nyingine anajijazia mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Tororo tena, peke yangu. Nimemwambia Apolot naenda kumtazama mgonjwa.

Karibu na stendi kuna bwana mwenye kompyuta anayewajazia watu maombi ya kila aina. Tukaanza. Jina la bidhaa: Odi ya Apolot. Mwenye mali ni nani? Hapo nilisita kidogo. Kisha nikamwambia aandike Obore, yaani mimi. Apolot ana kazi nyingi, kwa nini nimwongezee na umiliki? Mali inataka mtu mwenye nafasi, na katika nyumba yetu mwenye nafasi ni mimi.

Akauliza kama nina picha ya kuweka kwenye lebo. Nilitaka bibi mzee, uso wa heshima, wateja wanauamini. Kwenye simu yangu palikuwa na bibi mmoja tu: mama mkwe. Sasa, sisi Wateso na mama mkwe hatutazamani. Akija njia hii, mimi naingia vichakani. Picha hiyo niliipiga Krismasi kwa kujificha nyuma ya pikapu, na kwa sababu hiyo ametoka vizuri sana, hana wasiwasi. Bwana wa kompyuta akamzungushia duara la manjano. Maridadi!

Nimeagiza lebo za kutosha. Nimepewa karatasi yenye namba. Cheti! Nimekitia kwenye Biblia kisije kikakunjamana.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri alinichora msalaba kwenye paji la uso, nami nikawaza kwamba hata Kanisa linajua umuhimu wa alama. Kwaresima hii nimeacha ajono, pombe yetu. Kabisa.

Jioni nilipita kwenye chungu cha ajono, kusalimia tu. Wakanipa mrija. Kukataa mrija ni dharau, kwa hiyo nikakaa.

Sikukusudia kusema. Lakini pombe ya ulezi ikiwa na joto lile zuri, na watu mmezunguka chungu kimoja, ulimi unajiendea. Nikawatangazia kwamba kuanzia leo neno Apolot katika biashara ni mali yangu, na anayelitaka aje tuzungumze. Mukhwana akatoa mrija mdomoni, akaniuliza kwa adabu nyingi, akimsalimia mke wangu asubuhi, ruhusa anaomba kwa nani? Watu walicheka mpaka ajono ikawatoka puani. Nikajibu kwamba salamu ni bure. Kwa sasa.

Mukhwana aliondoka mapema. Ameogopa!

Alhamisi, 6 Machi

Hakuogopa. Alitoka pale akaenda moja kwa moja nyumbani kwangu.

Nilipoamka, Apolot alikuwa ameketi mlangoni, jiko halijawashwa. Akaniuliza, taratibu, Apolot ni wa nani. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Nikamweleza sheria. Akasema yeye alidhani odi inaitwa kwa jina lake kwa sababu yeye ndiye anayeamka alfajiri. Nikamjibu kwamba sheria haiangalii nani anaamka. Sentensi hiyo haikunisaidia.

Wakati huohuo pikipiki ikaleta lebo. Apolot akafungua furushi, akakutana na mama yake mzazi ndani ya duara la manjano. Halafu akafunga nguo zake, kikaango na jiwe la kusagia, akavipakia kwenye pikipiki ileile, akaenda kwao Sikuda.

Sawa. Jina limebaki. Odi ni karanga tu, mtu yeyote mwenye mikono anaweza kusaga.

Ijumaa, 7 Machi

Mikono ninayo. Odi imekataa.

Karanga ziliungua nje zikabaki mbichi ndani. Sijui zinafanyaje hivyo. Jiwe hakuna, nikatwanga kwenye kinu, ikatoka kitu cha kijivu chenye vipande. Nikabandika lebo. Lebo inapendeza mno! Nikaweka makopo kibandani, nikarudi nyuma kuyatazama, na papo hapo nikageuza uso. Mama mkwe! Mstari mzima! Wote wananitazama!

Basi nimeshinda nimekipa mgongo kibanda changu mwenyewe. Nikageuza makopo, wateja wakalalamika hawaoni jina. Nikayageuza tena, mzee mmoja Mteso akasimama akaniuliza kwa sauti ya soko zima kama mama mkwe wangu namuuza kwa kopo au kwa jumla.

Muuguzi mmoja wa Masafu, mteja wetu wa siku nyingi, alionja palepale kwa kidole. Akamtazama bibi kwenye kopo. Akanitazama mimi. Akasema huyu bibi lazima aambiwe. Mukhwana, na mchanga wake, amemaliza makopo yote kabla ya saa sita. Jioni alinipa pole kama mtu aliyekuja msibani.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Spika kila kona. Nikasikia habari: odi ya Apolot inauzwa ng'ambo, Busia ya Kenya! Nikatoa cheti kwenye Biblia nikavuka.

Ni kweli. Mbele ya duka la rafiki yake Maurine, chini ya mwavuli, Apolot anakaanga. Harufu yenyewe ilinitangulia. Makopo yameandikwa kwa mkono, Odi ya Apolot, na kwenye foleni wamo wateja wangu wa upande wetu, wamevuka mpaka kwa miguu yao. Wa kwanza ni yule muuguzi wa Masafu!

Nikainua cheti juu. Nikatangaza kwamba jina hilo lina mwenyewe kisheria na biashara ifungwe mara moja. Maurine, ambaye amesoma chuo na hana haraka, akaichukua karatasi akaisoma yote, mbele na nyuma. Kisha akanirudishia.

"Mzee, hii ni ya huko kwenu. Huku ni Kenya. Na huku tayari tumepeleka maombi, kwa jina la mwenyewe."

Nikamwuliza mwenyewe yupi. Akanyoosha kidole kwa Apolot. Foleni nzima ikacheka, na mwanamke mmoja akaniambia niheshimu sikukuu.

Apolot hakucheka. Alinitazama akauliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula tangu jana. Nikarudi upande wangu nimeikunja ile karatasi ikawa ndogo sana.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimempigia Bi Shallon anieleze upya, polepole. Ndipo nikaipata ile nusu ya pili ya semina. Haki ya alama inaishia pale nchi inapoishia. Ukitaka kulindwa Kenya, unaomba Kenya. Cheti changu si cheti, ni risiti kwamba maombi yamepokelewa. Bado yatatangazwa, na mwenye pingamizi atapinga. Tena mtu anayejiandikisha jina ambalo mwenzake amelijenga kwa kazi yake, huku akijua, pingamizi dhidi yake ni jepesi kushinda. Na uso wa mtu hauwekwi kwenye kopo bila ridhaa yake.

Nikamwomba basi awe wakili wangu. Akasema haiwezekani, tangu Ijumaa yeye ni wakili wa Apolot.

Nyumba iko kimya. Nimekula ile odi ya kijivu kwa muhogo, maana hakuna mwingine wa kuila. Nimemkumbuka mke wangu. Naandika hivyo kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Si kwa ajili ya odi, nimemkumbuka yeye, na naogopa kwamba mtu anayeweza kuuza pande mbili za mpaka hana sababu ya kurudi kwangu.

Jumatatu, 10 Machi

Sikuda, kuomba msamaha. Mimi na mama mkwe hatuwezi kukaa uso kwa uso, kwa hiyo nilihitaji mtu wa kubeba maneno. Ndugu zangu wote ghafla wana shughuli. Aliyekubali ni Mukhwana. Alikubali upesi mno! Alikuja amevaa suti.

Mimi nikawekwa nyuma ya ukuta wa jiko, nimetazama migomba. Mama mkwe ndani. Mukhwana kwenye pembe ya ukuta, kati yetu. Ukuta wenyewe ni wa udongo na una nyufa, kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini heshima ni heshima. Mama mkwe anasema, mimi nasikia, halafu nangoja Mukhwana aniletee.

Mama mkwe alisema Apolot ni jina la mama yake. Siku ya kumpa mtoto jina, yeye mwenyewe alichovya kidole kwenye ajono akamgusisha mtoto mdomoni, na mtoto akanyonya, yaani jina amelipokea. Anauliza, mkwe alimzaa lini mama yangu? Mukhwana akaniletea swali hilo, kisha akaongeza kwamba pia odi ilikuwa imeungua. Ndani, sauti ikasema hilo la kuungua hakulituma, ila analikubali.

Akauliza la pili. Ni kweli kwamba watu wanachota chakula kwenye kopo lenye uso wake? Nilitamani ardhi inimeze na migomba pamoja.

Hukumu: maombi yangu niyaondoe. Apolot aombe kwa jina lake, upande wetu kama kule Kenya. Lebo zichomwe. Mbuzi wa kufuta aibu ya uso. Na tangu sasa mimi nitabeba makopo kuyavusha mpaka, kazi ya ukurugenzi imefutwa. Nilikubali kila kitu kabla Mukhwana hajafungua kinywa. Kisha nikamtuma akamwulize Apolot kama atarudi nyumbani.

Hakuhitaji kwenda. Apolot alitokea kwenye pembe, mikono ina unga wa karanga, akasema anasikia, yeye si kiziwi. Ataona karatasi ya wakili kwanza. Nikamwambia nimemkumbuka. Mbele ya Mukhwana! Apolot akatazama chini, na nadhani alitabasamu, ingawa Mukhwana anasema hapana.

Jumatano, 12 Machi

Nimesaini kwa Bi Shallon, Tororo. Safari hii nimesoma kila mstari, na nimekaa mpaka mwisho ingawa nilisikia harufu ya nyama choma dirishani. Apolot ameomba kwa jina lake. Mbuzi ameshafika Sikuda. Lebo nimezichoma nikiwa nimefumba macho, kwa heshima.

Jioni jiwe la kusagia limerudi mahali pake. Apolot kapika, tumekula. Nimeosha vyombo bila kuambiwa. Nimemwahidi Mungu na mke wangu kwamba mambo ya kumiliki vitu vya watu nimeyaacha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamshwa na wimbo. Apolot anakaanga karanga huku anaimba, na wimbo huo sijawahi kuusikia. Ameutunga mwenyewe huko Kenya, akihudumia foleni. Unamhusu mwanamume mmoja aliyejenga mlango akasahau nyumba. Mtamu ajabu! Majirani walisimama kwenye ua wakaitikia. Nikabeba makopo kwenda mpakani, nikamkuta Mukhwana anaupiga mluzi. Bodaboda wanaujua. Hata mwanamke wa kubadilisha fedha anakiimba kiitikio chinichini huku akinitazama.

Nimerudi upesi. Nimeketi karibu na jiko, nikamwomba aimbe tena, tangu mwanzo, kwa sauti. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia naupenda. Ni kweli tupu, naupenda sana, na nilifurahi kumwona anacheka. Akaimba beti zote. Simu ilikuwa mfukoni inarekodi, na kwenye fomu ya kusajili nyimbo, pale panapoulizwa jina la mtunzi, nilikuwa nimeshaandika Obore.