Boila Chini ya Bweni la Kwanza

Tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni kwa kinyozi tangu asubuhi: shule ya bweni pale mlimani imechagua boila la kuni la kupasha maji na kutia joto mabweni yote. Linawashwa leo jioni.

Kwenye benchi la kahawa nje ya banda la kinyozi, Mjumbe wa kamati ya shule alikuwa amekunja nne utadhani boila amelizaa yeye.

"Tumechukua kubwa kuliko yote. Muuzaji mwenyewe alishangaa."

"Alishangaa wateja wa aina yenu bado wapo," alisema Spana, fundi bomba. "Boila likizidi kazi, maji yanachemka upesi, linabanwa hewa, kuni zinabaki kufuka. Moshi mtupu."

"Una wivu, hukupewa kazi."

"Haya, kuni mmezikausha muda gani?"

"Zimekatwa juzijuzi. Zina uhai kabisa."

"Zina uhai!" Kinyozi alichungulia, wembe mkononi. "Si mngezimwagilia tu."

Wote walicheka isipokuwa Mama Hofu. Jina hilo walimpa wao, kwa kuwa kwake hata ngazi ya mbao ni ajali inayosubiri mtu. Bintiye wa darasa la sita alikuwa analala bweni la kwanza.

"Shemeji," Mama Hofu alimuuliza Mjumbe, "mmeliweka wapi?"

"Stoo, chini ya bweni la kwanza. Palikuwa wazi, tujenge chumba kingine cha nini?"

"Na bomba la moshi?"

"Tumelikata, linaishia chini ya madirisha. Likipita paa linaharibu sura ya jengo, na mgeni rasmi anakuja kupiga picha."

Spana alishika kichwa. "Jamani. Mmechagua boila kama mtu anachagua kofia."

"Watoto watafunga madirisha, kwisha habari."

"Wakifunga ndiyo mbaya zaidi. Hewa ya sumu ya moto uliobanwa haina harufu, inapenya hata sakafuni. Mtoto hakohoi akaamka. Haamki."

Mama Hofu aliweka kikombe chini taratibu, kahawa ikamwagika hata hivyo.

"Shemeji, mwanao yuko bweni gani?"

Mjumbe alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Wangu... amehamia kwa bibi yake. Anasoma kutwa. Ana kifua."

"Amehama lini?"

"Jumatatu."

"Na boila mlilifunga lini?"

Mjumbe alikunjua ile nne yake. "Jumatatu hiyohiyo."

Kinyozi alitema mate pembeni. Mama Hofu alijitanda mtandio, akasimama.

"Spana, baba, chukua mkoba wako wa kazi twende kabla hawajaliwasha. Mimi namtoa mwanangu, wewe unalifungua lile dude vipande vipande. Wale wengine nao wana mama zao, ila mama zao hawajabahatika kukaa benchi moja na Mjumbe."