Fundi Makochi Apanda Jukwaa la Kantri

Jumatano, 5 Juni

Habari njema! Buti ana mafua.

Niandike vizuri, nisije nikaonekana mtu mbaya. Buti ni mwenye bucha ya pale kona, na ndiye anayeimba kila Jumamosi jioni bendi inapopiga muziki wa kantri kwenye ukumbi wa klabu yetu. Tunamwita Buti kwa sababu ya mabuti yake ya ngozi, yamechongoka mbele kama mdomo wa kunguru. Ana sauti nzito inayotambaa sakafuni. Akina mama wakimsikia hufumba macho. Nikiimba mimi pia hufumba macho, ila hukunja na uso.

Sasa sauti imemkauka! Ananong'ona tu. Kufa kufaana, na mafua vilevile.

Nikaliacha kochi la mteja utumbo nje, nikakimbilia klabu. Nikamkuta fundi saa, ambaye ndiye mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, anafunga nyuzi mpya. Nikamwambia asihangaike, mwimbaji wa Jumamosi kapatikana. Akauliza ni nani. Kwa unyenyekevu nikajinyooshea kidole. Akafunga uzi mzima hadi mwisho. Kisha akauliza kama naweza kuimba. Nikamwambia awaulize watu wa nyumbani kwangu. Akasema mke wangu alishamweleza, tena bila kuulizwa.

Lakini hana mwingine. Amenipa wimbo mmoja! Ule wa dereva wa lori anayerudi kwake alfajiri, anaimba ili asisinzie. Mungu ambariki fundi saa na saa zake zote.

Nimemwambia mke wangu. Akaketi taratibu. Kisha akasema jambo moja tu: kama ni kweli nitaimba, basi nimshawishi mama aje.

Mama ni mama mkwe. Yuko kwetu tangu tumzike baba mkwe. Mzee aliendesha malori maisha yake yote, na ndani ya lori ilikuwa kantri tu, kaseti juu ya kaseti. Siku nyingine mama alisafiri naye, wakaimba wawili njia nzima. Sasa redio hataki hata kuiona. Anaitikia salamu, anagusa chai, anarudi chumbani. Mke wangu husimama nje ya mlango wake akisikiliza, halafu anaondoka kimyakimya.

Nimekubali mara moja. Mama akija, angalau nitakuwa na mtu wa kunipigia makofi. Mama mkwe hawezi kumzomea mkwewe. Ni adabu!

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi bafuni. Sauti inarudi vizuri kwenye vigae. Jirani akagonga kuuliza kama kuna mgonjwa, na kama tunahitaji mtu wa kusaidia kumbeba. Tumezungukwa na watu wema. Nimemshukuru.

Wasiwasi: je, Buti akipona kabla ya Jumamosi? Mafua hayaaminiki. Nikabuni mpango. Mtu aliyekaukiwa na sauti akisemeshwa sana, huzidi kukaukiwa. Nikaenda buchani kumsemesha!

Nikamuuliza tofauti ya nyama ya paja na nyama ya bega. Nikamuuliza ng'ombe hupenda kulalia ubavu upi. Nikamuuliza maoni yake kuhusu kuku, kwa jumla. Akajibu yote kwa kunong'ona, ameniinamia sikioni kama anayenipa siri ya serikali. Wateja nao wakaanza kunong'ona, wakidhani pana msiba. Bucha nzima ikawa inanong'ona! Mzee mmoja akanipa pole. Nikaipokea, ningefanyaje?

Kisha Buti akaniangusha. Akasema amesikia ninashika nafasi yake, na kwamba moyo wake umetulia, maana alikuwa anakosa usingizi akifikiria bendi kupiga bila mwimbaji. Akaweka kisu chini, akafuta mikono, akanifundisha kuvuta pumzi palepale. Akanikandamiza tumbo mbele ya foleni! Pumzi itoke hapa, akanong'ona, siyo puani. Foleni nzima ikavuta pumzi pamoja nami. Mwisho akanifungia kipande cha maini, akasema ni cha mama, achemshiwe supu, na nimfikishie salamu.

Ni vigumu kumhujumu mtu wa namna hii. Hana ushirikiano kabisa.

Mama amekunywa supu. Si yote, lakini kijiko kilisikika kikigonga bakuli. Nikatumia nafasi hiyo. Nikamwambia Jumamosi ninaimba wimbo wa lori, ule wa mzee. Akanitazama weee, kisha akauliza: "Wewe?"

Nikasema ndiyo, mimi. Akarudi chumbani.

Neno moja tu. Lakini mke wangu akanishika mkono chini ya meza, akaubana hasa. Akasema tangu msiba mama hajawahi kuuliza kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Kofia! Mwimbaji wa kantri asiye na kofia pana ni karani aliyepotea njia. Buti alijitolea kuniazima yake, lakini kichwa chake ni sufuria ya shughuli. Ingenifika mabegani. Basi nikaamua kushona ya kwangu. Mimi ni fundi, na vifaa ninavyo: sponji, gundi, ngozi ya bandia.

Tatizo dogo. Ngozi ya kahawia iliyopo karakana ni ya mwenyekiti wa klabu, mama mkali anayelinda ukumbi hadi vijiko. Ninamvishia upya kiti chake cha nyumbani. Nikapunguza kidogo, upande wa mgongo, ule unaoelekea ukutani. Nani hutazama mgongo wa kiti?

Imetoka kama ya dukani! Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndani sponji, nje ngozi inang'aa, ukingo mpana umebandikwa kwa gundi. Mke wangu akaizunguka, akaibonyeza, akauliza kama ni ya kuvaliwa au ya kuegemewa. Wivu. Hapana, nimfanyie haki, hana wivu. Alikuwa ameshanipigia pasi shati la mistari bila kuombwa, na akakaza kile kifungo ambacho huning'inia. Wanaume wengi wanaimba wakiwa na vifungo vinavyoning'inia. Mimi sivyo.

Gundi haijakauka vizuri. Itakaukia kichwani. Joto la mwili ni bure.

Jumamosi, 8 Juni, alasiri

Sauti ipo. Kofia ipo.

Nilikuwa nimetunga hotuba ya kumshawishi mama. Ilikuwa na mwanzo wa heshima, katikati ya hoja, na mwisho wa machozi. Nikagonga mlango. Chumba kitupu! Nikazunguka nyumba. Nikamkuta amekaa barazani, viatu miguuni, pochi mapajani, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Akauliza kama klabu ya siku hizi huwa inaanza kwa kuchelewa.

Hotuba nzima imepotea bure. Hata hivyo, nashukuru.

Mke wangu yuko jikoni anafuta macho. Anasema ni vitunguu. Leo hatupiki.

Jumapili, 9 Juni

Naandika nikiwa na kitambaa kichwani. Nitaeleza.

Ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, harufu ya karanga, watoto wakiteleza sakafuni kwa soksi. Buti alikuwa mstari wa mbele, shali shingoni, amemwekea mama kiti kando yake. Bendi ikafungua kwa nyimbo zisizo na maneno, na watu wakaanza kutikisa miguu. Kisha fundi saa akanitangaza: mwimbaji wa dharura. Makofi. Nikapanda.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Sisemi ulikwenda wapi, ila ulikwenda.

Halafu taa za jukwaani zikaanza kupasha kofia. Gundi ikalainika. Sponji ikashuka hadi kwenye nyusi. Nikawa naona nusu ya ukumbi, kisha miguu ya watu tu, kisha giza. Kiitikio kikafika. Buti kila akifika hapo huwavulia kofia akina mama, nao hupiga vigelegele. Nikaushika ukingo, nikavuta kwa madaha.

Ukingo ukaja. Kofia ikabaki.

Nikasimama pale, mkononi nimeshika duara kubwa la ngozi, kichwani nimevaa mto wa kochi. Bendi ikanyamaza, ala moja baada ya nyingine. Maneno ya wimbo yakanitoka kichwani yote, hata lile la kwanza. Kisha sauti ikatoka nyuma, kavu, ya kusikika vizuri:

"Hicho si kiti changu?"

Mwenyekiti. Na ndiye mwenye kiti!

Nikaomba sakafu inimeze. Haikunimeza, ni ya zege. Ndipo mtu akacheka. Haukuwa ukumbi mzima, alikuwa mtu mmoja, kicheko cha juu chenye mikwaruzo, kama mlango uliofungwa muda mrefu. Sikukitambua. Nikainua sponji kwa kidole nione ni nani huyo asiye na huruma.

Alikuwa mama! Amejishika mbavu, kitambaa kimeteleza, amemwangukia Buti begani. Mke wangu amesimama ukutani, mikono yote miwili mdomoni.

Mama akaninyooshea kidole. "Usiuachie huo!" akapaza sauti. "Ushike hivyohivyo! Mzee alikuwa anashika usukani hivyohivyo! Endesha, mwanangu! Endesha!"

Basi nikaendesha. Ningefanya nini kingine? Nikaushika ukingo kwa mikono miwili, nikakata kona kushoto, nikakata kona kulia. Bendi ikaingia. Buti akapanda jukwaani na shali lake, akasimama nyuma yangu, sponji ameniinulia kwa kidole, akawa ananong'ona mstari mmoja, mimi naupaza. Ananinong'onea, napaza. Ukumbi ukadaka kiitikio. Watoto wakajipanga nyuma yangu wakawa tela.

Na mama akainuka. Akaja hadi chini ya jukwaa, akaanza kuimba. Si sauti yangu, ni ile ya pili, ya chini, aliyokuwa akimpokelea mzee ndani ya lori. Anayajua maneno yote. Machozi yanamtiririka na anacheka, vyote kwa pamoja, na hakujifuta. Watu waliokuwa karibu naye wakashusha sauti zao ili yake isikike. Hakuna aliyewaambia. Fundi saa alikuwa anakaribia mwisho wa wimbo, akamtazama, akaurudia tena tangu mwanzo. Kisha akaurudia tena.

Tulipomaliza nilishuka nikipapasa. Mkono ukanishika. Ulikuwa wa mama. "Asante, mwanangu," akasema. Siku zote huniita fundi. Sasa ni mwana. Mimi!

Kofia ilikataa katakata kutoka. Mwenyekiti mwenyewe akaleta mafuta ya kupikia kutoka jikoni mwa klabu, akanikalisha, akanipaka kwa subira, akaivuta polepole. Ilitoka. Nywele nazo zikaaga. Nikamwomba radhi kuhusu kiti. Akasema mgongo wa kiti unatazama ukuta, na ukuta haulalamiki. Lakini ameniletea mabenchi yote ya ukumbi niyavishe bure, na ameniambia kwa macho kwamba ukarimu wake una mwisho. Buti alicheka hadi akaegemea dirisha, bila sauti hata kidogo.

Leo asubuhi redio ilikuwa inaimba jikoni. Mama alikuwa anakata mkate na kumweleza mke wangu jinsi mzee alivyowahi kupitiliza mji mzima kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha. Nilisimama mlangoni. Walinimiminia chai. Nimekunywa chai nyingi maishani, sijawahi kunywa kama ile.

Jumatatu, 10 Juni

Umaarufu! Mtaa mzima wakiniona wanashika usukani hewani. Muuza magazeti amenipigia honi kwa mdomo. Sikujua kama sauti yangu ingewagusa watu kiasi hiki. Kumbe mama alihitaji tu kumsikia mwimbaji wa kweli. Mke wangu alianza kusema kitu kuhusu hilo, kisha akanibusu penye upara, akaenda zake. Hisia zilimzidi.

Fundi saa alipita karakana. Akanishukuru sana, kwa dhati. Akasema Buti anapata nafuu na Jumamosi ataimba mwenyewe, na kwamba mimi nimefanya ya kutosha, kwa kweli ya kutosha kabisa. Akarudia tena akiwa mlangoni. Mtu mwenye huruma! Anaogopa kunichosha.

Nilikuwa nimekwisha kuridhika. Naapa. Nimekaa katikati ya mabenchi, nyundo mkononi, misumari mdomoni, namshukuru Mungu kwa mke, kwa mama, kwa klabu, kwa Buti na maini yake. Ndipo mteja akaingia na habari. Mpiga dramu ameanguka na baiskeli, mkono umevimba kama mkate!

Maskini. Nimempelekea machungwa. Namwombea apone, taratibu, asiharakishe.

Kweli, sijawahi kushika vijiti vya dramu. Lakini mtu aliyegonga misumari maisha yake yote, dramu itamshindaje? Mdundo uko mkononi, ni wa kuamshwa tu. Nimekuwa nikijipima kwenye mabenchi ya mwenyekiti tangu mchana. Moja limepasuka katikati.

Nguvu ndiyo hiyo sasa!