Shemeji na Mkia Wake

Jumatatu, 3 Machi
Mama Mwenyekiti wa uwanja wetu mdogo wa ndege anatafuta rubani wa kumpeleka daktari kwenye zahanati za mbali. Tuko wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji! Ndege zetu zikiwa ardhini pua iko juu, mbele huoni kitu. Basi yeye apinde kushoto, apinde kulia, achungulie, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Mimi hunyoosha moja kwa moja. Urubani ni kujiamini.

Jumatano, 5 Machi
Majaribio kesho. Mpango: nimtangulie shemeji kwenye njia ya kurukia, Mama Mwenyekiti aone nani mwepesi. Fundi kanisihi nipinde kama wenzangu. Nimemwambia ashike spana zake.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Shemeji kasimama katikati ya njia, eti anajaribu breki. Nani husimama njiani? Propela yangu ikamtafuna mkia wote, ikazimika nyuma tu ya kiti chake. Akashuka anatetemeka. Muoga. Na mimi miguu ilinigomea, lakini hilo ni joto la injini.

Nyumbani, mke wangu macho mekundu.
“Kaka yangu hukumwona?”
“Pua ilikuwa juu.”
“Ya ndege au yako?”
Kaenda kulala chumba cha watoto.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepigwa marufuku kuruka hadi uchunguzi uishe. Kazi kapewa shemeji, na ndege ya kuazima! Jioni kaja kwangu, kanishika mkono, kasema anashukuru tumepona sote. Umeona? Dhamiri inamsuta.

Jumapili, 9 Machi
Nimepewa kazi ya kusukuma ndege kuziingiza bandani. Kwa mikono. Mimi! Fundi akaniambia nimsubiri, atembee nyuma aangalie mkia. Nikamjibu kwamba mtu aliyezoea mawingu hahitaji kushikwa mkono. Nikasukuma kinyumenyume, kwa madaha.

Kishindo! Vioo chini. Mkia umeingia kwenye gari la zimamoto. Jekundu, kubwa kama nyumba, limeegeshwa papo hapo miaka yote. Fundi kakaa chini, kajishika kichwa.

Kesho asubuhi na mapema niko kwa Mama Mwenyekiti. Gari lile lipakwe rangi inayoonekana.