Nyumba Inauzwa, Mama Mkwe Yumo

Jumatatu, 3 Machi

Soko la nyumba limelala fofofo. Zamani kuta nne na bati zilimtosha mnunuzi. Siku hizi anazunguka vyumbani pua juu, anagonga kuta kama anabisha hodi, kisha anasema atafikiria. Hafikirii lolote! Ndiyo maana nipo mimi, mpambaji wa nyumba za kuuzwa. Naingiza makochi, mapazia na zulia kwenye nyumba tupu, mnunuzi anaona maisha mazuri, anatia sahihi. Kazi ya akili.

Mke wangu haoni hivyo. Kabla ya kusafiri kikazi asubuhi ya leo amenitolea uvivu: nyumba ya nesi mstaafu isipouzwa kufikia Ijumaa atakaporudi, nifunge ofisi, nikapime misumari kwenye duka la kaka yake. Mimi! Chini ya shemeji anayeweka penseli sikioni hata harusini!

Tatizo dogo tu. Seremala amekuja kuchukua makochi aliyonikodisha. Roho mbaya. Lakini nyumbani kwangu makochi yapo, na mke hayupo.

Jumanne, 4 Machi

Nimehamisha sebule yangu yote kwa mkokoteni: makochi, zulia, mapazia, saa ya ukutani. Mwenye mkokoteni akauliza kama nimeachwa. Mjinga. Kwenye nyumba ya nesi kila kitu kimekaa kana kwamba kilizaliwa pale. Chumba cha nyuma dari ina doa kubwa la maji. Nimelipaka rangi nyeupe, na chini yake nikasimamisha ua la plastiki ili macho yasipande juu.

Bi Kompyuta amepita kuchungulia. Huyu ndiye mpinzani wangu: anapiga picha chumba kitupu, anachomeka kochi ndani kwa kompyuta, hajawahi kubeba hata stuli. Mnunuzi akifika anakuta mwangwi. Na wateja wanamkimbilia yeye! Akaniuliza kama makochi yale si ya nyumbani kwangu. Nikamjibu kwa macho makavu kwamba yametoka ghalani. Akacheka kwa pua. Hana adabu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Mama mkwe ametokea bila taarifa, mkoba mkononi. Nikamwambia makochi yamekwenda kuoshwa. Akauliza, na mapazia? Na saa? Nikasema ni usafi wa jumla. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkwe wangu, juu ya ndoo! Akasema nisijali, baba, ni magoti tu yanayomsumbua. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Ukoo mzima ukisikia habari ya ndoo, sina pa kuuweka uso.

Nikapiga moyo konde, nikampeleka nyumba ya nesi apumzike mchana mmoja. Akavua viatu, akajinyoosha, akasema kochi lile linafanana sana na la binti yake. Jioni nilipomfuata akasema pale pana utulivu, atalala. Ningefanya nini?

Alhamisi, 6 Machi

Mvua usiku kucha. Asubuhi wanunuzi wakafika mapema mno, mke na mume. Mama mkwe yuko kwenye kochi, nguo zake zimeanikwa kwenye fimbo ya pazia! Mtu mwingine ningemwambia anyanyuke. Mkwe anaambiwaje anyanyuke? Nilikohoa. Nikasogeza stuli. Nikafungua dirisha, nikalifunga. Wapi!

Akawakaribisha waketi, kisha akaanza. Chumba cha nyuma kinavuja, wanangu, nimeweka beseni. Mbwa wa nyuma huko hana usingizi. Lakini jikoni jua linaingia mapema, na jirani wa mbele ni mtu wa watu, kaniletea chumvi kabla sijaomba. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Akaniuliza mbele yao kama limeingia mdudu. Yule mume akasogeza ua langu la plastiki, akatazama beseni, akamwita mkewe, wakaondoka. Nimekwisha. Mdomo ule unahitaji kuzibwa, lakini uzibwe na nani?

Ijumaa, 7 Machi

Mke amerudi. Amesimama katikati ya sebule, hana pa kuweka mkoba. Aliyoniambia siyaandiki. Shemeji naye akafika na koti la buluu la dukani, akanivalisha mwenyewe. Mikono imeishia kwenye viwiko. Akaanza kunifundisha tofauti ya misumari ya bati na ya mbao, kana kwamba nimezaliwa jana. Nilitaka kulia, nasema kweli. Ubunifu wote ule, mwisho wake misumari!

Simu ikalia. Nesi. Wale wawili wameinunua! Sharti lao moja tu: yeye nesi atengeneze paa kwanza, basi. Mume amemwambia kwamba kila nyumba waliyoiona walidanganywa. Hapa yule mama aliwaonyesha panapovuja, wakaamini hakuna jingine lililofichwa. Mke wangu akatamka mbele ya kaka yake kwamba mama ndiye aliyeuza nyumba. Upuuzi mtupu. Watu hawa hawalijui soko.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechambua jambo hili kwa utulivu. Kilichouza nyumba ni mapazia. Mama mkwe alichangia kwa kukaa tu, ametulia, nyumba ikaonekana ina amani. Kosa lilikuwa kufungua mdomo.

Nimepata kazi nyingine: nyumba ya mwalimu, ukuta wa sebule una ufa unaoingia kidole. Makochi hayarudi nyumbani, yanapitiliza huko. Mke nitamweleza nikipata nafasi. Mama mkwe amekubali kwenda kukaa Jumatatu, anasema kwetu hapakaliki. Nikamwomba kwa heshima zote awaambie wageni kwamba ukuta ni mzima. Akajibu kwamba yeye husema anachokiona, basi.

Sawa. Miwani yake nimeshaificha.