Nilivyopatana Bei na Theluji ya Jabal Akhdar

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mama yangu, dada yangu na mbuzi saba. (Mbuzi nimewahesabu mara mbili. Saba.)

Jana theluji ilianguka mlimani, Jabal Akhdar. Mama akaiona kwenye simu ya dada yangu Zuhura. Marehemu baba alisoma Urusi ujanani, na umri wake wote alimhadithia mama kwamba huko mbingu humwaga unga mweupe, na unga huo ukiuminya mkononi unalia. "Muongo we," mama humjibu, huku anamtilia chai.

Sasa akasema: "Nataka niushike mwenyewe. Ikiwa kweli unalia, nina mtu wa kumwomba radhi."

Nani angekataa? Alfajiri tukatoka kwetu Al Qabil. Watu watatu, mkeka mmoja, chupa ya kahawa moja, sahani ya halua moja. Miye nimevaa kanzu na ndara. (Ndiyo, ndara. Endeleeni tu kusoma.)

Tulipofika juu, jua limeshatutangulia. Barabarani pote maji matupu! Theluji iliyosalia ilikuwa kivulini, kwenye mteremko wa mwamba nyuma ya shamba la makomamanga. Mwenye shamba, mzee mmoja mwenye bakora, akatukaribisha, akaniambia kwa Kiarabu:

"Usikae pale. Chini kuna barafu ya usiku, ngumu kama kioo. Juu yake theluji ya jana. Hazijashikana. Kunyweni kahawa kwangu, nitamletea bibi theluji kwenye sinia."

Mimi nimekulia sokoni Ibra. Mtu akikukataza kitu cha bure, ujue ana cha kukuuzia. Nikayaona makomamanga yake, nikamwelewa. (Nilidhani nimemwelewa.)

"Hatari kiasi gani, ami?"

"Sana."

"Punguza kidogo."

"Sana, mwanangu."

"Haya, mwisho wake?"

Akanitazama kama anatazama punda mgonjwa. "Mwisho wake ule ukuta wa mawe, pale chini."

Nikaigawa hatari yake kwa mbili, kama nigawavyo neno la kwanza la muuzaji yeyote. Nikapiga mguu juu ya theluji. Ngumu. Nikapiga tena. Ngumu kama sakafu. Nikatandika mkeka.

"Mama, njoo!"

Mama mwenye goti lake bovu akainua mguu. Mzee akamwekea bakora mbele. "Bibi, mwache mwanao atangulie."

Basi nikakaa peke yangu, nimekunja miguu kama bwana harusi. Nikajimiminia kahawa. Nikainua kikombe kuwaonyesha.

Nyuma yangu kikasikika kitu: krrr.

Theluji ikakatika kama mkate wa mofa, kipande kizima, na mkeka juu yake, na miye juu ya mkeka! Sikupiga hata kelele. Nilipita mbele ya mbuzi wa yule mzee kwa adabu, mmoja mmoja, ndipo nilipowahesabu mara ya kwanza. Nikaufikia ukuta. Theluji iliyobaki juu nayo ikanifuata, ikanifunika mpaka shingoni.

"Kaka Salum!" Zuhura kaelekeza simu, machozi yanamtoka. "Kahawa hujaimwaga!"

Kweli, sikuimwaga.

Mama hakucheka. Alishuka kwa ngazi za shamba, polepole, ameshika bakora ya mzee. Alipofika akanitazama kama niko mzima. Kisha akachota theluji kichwani mwangu, akaisogeza sikioni, akaiminya.

Ikalia.

Akaiminya tena. Ikalia tena. (Kuhesabu mara mbili nimekurithi wapi, sasa mnajua.)

Akakaa juu ya ukuta, maji yanamchuruzika kwenye kiganja, wala hakuyafuta. "Nisamehe, Seif," akamwambia baba. Zuhura akaishusha simu. Nami nikiwa pale chini nikawaza: lau yule mzee asingenyoosha bakora, mama angekuwa mkekani pamoja nami, na goti lile. Hilo bado halijanitoka.

Kisha mama akanigeukia. "Baba yako mtu mkweli. Wewe ubishi huu umeutoa kwa nani?"

Mzee akatuletea kahawa, na makomamanga sahani nzima. Nilipouliza bei, akakasirika.

Nimerudi na ndara moja. Nimehesabu tena: moja.

Nawaomba msicheke. Mkishindwa, chekeni nusu. Hapo sishuki tena.